Usingizi wa Chini ya Cherehani

...na bado amesimama hapo mlangoni, mwalimu huyu, mkoba begani, anasubiri jibu kama mtu anayesubiri basi, nami nakanyaga cherehani kama vile sikusikia, maana mashine hii ikikimbia ina kelele za kutosha kumfanya mtu awe kiziwi akitaka, na leo nataka, "Bibi, nimekuuliza, huyu mtoto nyumbani analala?" analala, kwani haoni, huyo hapo chini ya meza, miguuni pangu, kajikunja juu ya gunia la vipande vya vitambaa na sare yake ya shule, mdomo wazi, ndiyo kwanza ameletwa ameshikwa mkono kama mwizi wa kuku, hata viatu hakuvua, mimi nikaanza tu kukanyaga na yeye puu, chini... na mwanzo nilimjibu nini huyu mwalimu, nilimjibu haraka, mdomo wangu haujawahi kuchelewa kazini, "Mvivu tu huyo, Mwalimu, usimhurumie, usingizi kaurithi kwa mama yake," na nikacheka, nikacheka mbele ya mtoto mwenyewe, naye hakulia, hakununa, aliniangalia tu kama mtu mzima anavyomwangalia mwenzake aliyesahau walichokubaliana... na huyo mama yake yuko hapo nyuma ya ukuta, ameelekea ukutani tangu juzi, ukimwita kula hasikii, lakini ukimsema anasikia, binti yangu wa kumzaa, nimemtania kwa mgeni ili mgeni acheke, na mgeni hakucheka... "...anasinzia mpaka penseli inamdondoka," anasema mwalimu, maneno yananifikia vipandevipande, "wenzake wanamwita Bundi... mkuu anasema arudie darasa, Bibi, labda kama kuna sababu ya nyumbani, mimi nitamweleza, lakini lazima nijue," arudie darasa, mtoto anayenisomea maandishi ya kwenye pakiti za dawa, mimi niliyeishia shule ya msingi na miwani yangu iliyovunjika sikio, arudie, akae na watoto wanaomfika kiunoni, waendelee kumwita Bundi... sababu ninayo, tena tele, ila niifungue vipi, niseme binti yangu mwezi mzima anapaa, anafua mapazia yasiyo machafu, anasukuma kabati peke yake, anaimba, anataka kutoka akafungue hoteli na hana hata sufuria, halafu siku moja chini, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, hali, haogi, hasemi, daktari wa kliniki ameupa jina, ugonjwa wa hisia, zinapanda na kushuka, mimi kwa majirani naupa jina langu, wiki hii malaria, wiki ile presha, mpaka yule jirani wa ng'ambo ya barabara akaniuliza, "Shoga, hivi mbu wote wa mtaa huu wamemchagua mwanao?" nikamrudishia papo hapo, "Wewe walikuonja wakatapika," watu wakacheka, nikarudi ndani kifua mbele, nimeshinda, nimeshinda nini... na daktari akasema mgonjwa apate usingizi, hilo nikalivalia njuga, nikatundika pazia zito, redio nikaifungia kabatini, giza likiingia tu cherehani naifunika shuka, nyumba kimya, hata kikohozi tunakimeza, "Shii, mama analala," na asubuhi namkuta mtoto macho mekundu, kakaa sakafuni nje ya mlango wa mama yake, namshika sikio, "Kitandani kwako kuna miiba?" "Hapana, Bibi." "Sasa hapa unafanya nini?" "Nilikuwa nasikiliza." Nikajua anasikiliza mambo ya wakubwa, nikamuongezea kofi ili asikie vizuri, ndivyo nilivyomwambia, ili usikie vizuri... na siku nyingine nilimkuta amemwinamia mama yake kitandani, kidole chini ya pua ya mama, hakupumua yeye mwenyewe mpaka alipohakikisha, nami nikamfukuza, usimchezee mgonjwa, nenda kacheze na wenzako, na hata sikuona nilichokuwa nakiona... "Bibi, samahani, hiyo mashine, ungeisimamisha kidogo tuongee," aisimamishe nani, mtoto ndiyo kwanza amegeuka, mkono wake umetoka nje ya vipande, uko karibu na kanyagio, nasogeza mguu nisimgonge, na hapo kwenye kifundo cha mkono kuna nini, mstari mwembamba, mwekundu, umezunguka kama bangili, siyo upele, siyo mkwaruzo, alama hiyo fundi yeyote anaijua, uzi mnene wa kushonea jinzi ukivutwa kwenye ngozi huacha hivyo hivyo, na uzi huo mimi nimeutafuta wiki nzima, nimemwita mtoto mwizi kwa ajili yake, nikaja kuukuta umefungwa kwenye kitasa cha mlango wa mama yake, unaning'inia, nikaukata kwa mkasi nikinung'unika, michezo ya watoto hii, watatumalizia uzi... upande mmoja kitasa, na upande wa pili mkono wake, Mungu wangu, alijifunga mkono, ili usingizi ukimshinda na mama akatoka, mlango umvute aamke, na fundo lenyewe lilikuwa zuri, sasa nakumbuka, fundo la kifundi, nilimfundisha mimi... na kwa nini basi analala hapa, penye kelele hizi za kuamsha maiti, na kitandani kwake penye shuka safi na kimya halali, mpumbavu mimi, ikilia cherehani anajua bibi yuko macho, bibi yuko mlangoni, hakuna wa kumpita hapa akaenda kujipoteza, lakini nikiifunika shuka nikaenda kukoroma, nyumba nzima namwachia yeye, na huo utulivu niliojisifia ndio uliomfanya akeshe... aibu niliyokuwa naiogopa ilikuwa ya watu kujua, kumbe ile ni nguo nyepesi tu, unaivaa unaizoea, hii nyingine imenikaa mdomoni kama pini tunazobana midomoni tukipima nguo, ukimeza zinakuchoma, ukicheka zinakuchoma... "Bibi," mwalimu amesogea, ananyoosha shingo, "hiyo sketi yangu niliyokuachia si ulikuwa unaipunguza urefu tu?" nashusha macho, nimeshona pindo la mbele na la nyuma pamoja, mstari umenyooka, imara, miaka yote ya ufundi na nimemtengenezea mwalimu wa watu foronya ya mto, "Nitaifumua, Mwalimu, usihofu," "Sina haraka nayo, Bibi, nina haraka na mtoto," sauti yake si ya kunisuta, afadhali angenisuta, hapo ningempata, naye anainama, anatazama chini ya meza, anaona mdomo ule wazi na viatu vile vya shule, anashusha sauti yake yeye wakati mimi naongeza mwendo, goti linaniuma, sitoi mguu, "Nataka tu kujua, Bibi, kitandani kwake, analala?" na hapo ulimini yamejaa majibu yangu yote niliyoyazoea, mvivu, televisheni ya jirani, minyoo, nimpe dawa ya minyoo, yamejipanga kama vibarua alfajiri kila mmoja anataka nimchukue yeye... nyuma ya ukuta kitanda kimelia, amegeuka, anasikiliza, basi asikie, asikie ugonjwa wake ukitajwa jina lake na mama yake mwenyewe, bila kicheko, "Vuta kigoda, Mwalimu, usogee huku, maana mashine siisimamishi na nitakayosema ni marefu," anavuta, anakaa, magoti yake karibu yaguse kichwa cha mtoto, nakanyaga, "halali, Mwalimu, mama yake anaumwa, ugonjwa wa hisia, na mtoto ndiye anayekesha kumlinda," na bado sijalifikia lile lenyewe, linagoma, nalisukuma, "humu ndani anayelala ni mimi..."