Maji ya Kuoga ya Leticia

Hapa Lizaboni, Songea, hatuna bahari. Tuna mtaro ambao nimeupigia kelele tangu barabara ilipokuwa vumbi, na mvua zikikolea unatuletea uchafu wa mtaa mzima hadi mlangoni. Lakini bahari, hapana. Kwa hiyo siku mpwa wangu Leticia aliponyang'anywa losheni yake ya jua pale stendi, kwa kosa la kuhatarisha matumbawe, ilibidi kwanza tuulizane matumbawe ni nini.

Leticia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana ualbino. Losheni anatumiwa na kaka yake aliyeko Dar, inakuja kwa basi, na bila hiyo jua la palizi humchubua kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Mwaka huu tayari alikuwa na kidonda ukingoni mwa sikio. Daktari alishamwambia: bila losheni usitoke. Mahindi nayo yalishamwambia: usipotoka, tunaliwa na magugu. Hapo katikati ndipo sheria ilipoingia.

Sheria yenyewe, tuseme ukweli, si mbaya. Iliandikwa kwa ajili ya watalii wanaojipaka kemikali na kujitumbukiza baharini, wakaua viumbe waliokaa salama tangu dunia iumbwe. Ningepewa kalamu mimi, ningeiandika kali zaidi. Tatizo ni safari. Sheria ikitoka pwani inakuja ikichoka njiani, na ikifika Songea imebakiwa na nguvu za kumkamata mwenye kikapu tu. Nazikumbuka zote. Nakumbuka operesheni ya baiskeli zisizo na kengele, wakati gari la mkuu wa operesheni lilikuwa halina breki. Nakumbuka tulivyofukuzwa kulima bondeni ili tusiharibu chanzo cha maji, kisha bonde likaota ghorofa.

Tulikwenda ofisi ya manispaa, mimi na Leticia, yeye kajitanda khanga hadi puani. Afisa mazingira, Fidelisi, ni kijana wa hapahapa. Baba yake ndiye aliyekuwa akikagua kengele za baiskeli.

"Shikamoo, mzee Makarius."

"Marahaba. Naona kazi imerithiwa."

Alijifanya hakusikia. "Losheni zote za jua zinashikiliwa hadi zipimwe Dar. Ni maelekezo."

"Zitapimwa lini?"

"Maelekezo hayakusema."

"Na bahari iko wapi, mwanangu?"

Kumbe alikuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi. Alijiegemeza kitini. "Mzee, Mto Ruvuma unaanzia wapi?"

"Si hapo Matogoro."

"Unaishia wapi?"

"Baharini. Mtwara."

"Dada huyu anaoga?"

"Naoga, kaka," Leticia akajibu mwenyewe. "Hata leo nimeoga, usiogope."

"Basi," alisema Fidelisi.

Hoja ilisimama, siwezi kumnyima haki yake. Nikamuuliza je, dawa inayopulizwa kwenye tumbaku kote Namtumbo, na vijito vyake vinaingia Ruvuma hiyohiyo?

"Hiyo ni idara nyingine."

Ukutani palikuwa na picha mbili za matumbawe. Moja ilikuwa na rangi kama vitenge vya sikukuu. Ya pili, meupe matupu, kama mifupa. Leticia akaisogelea.

"Haya yamefanywaje?"

"Yamezidiwa. Joto likipanda, au hizo kemikali zikiwapata hao viumbe, wanapoteza rangi. Wanakuwa weupe, halafu wanakufa."

Leticia aliitazama ile picha hadi nikadhani ametusahau. "Valongo vangu," alisema kwa Kingoni, yaani ndugu zangu hawa, akacheka. Fidelisi hakucheka. Mimi sikuweza.

Nikarudi mezani. "Akiogea kwenye beseni, maji yasifike mtoni?"

Fidelisi akafikiri. Aliipenda njia hiyo, niliona, kwa sababu ingekuwa amri ya kwake mwenyewe. "Akihakikisha maji yote yenye masalia yanahifadhiwa mahali salama, nitamrudishia."

"Salama kama wapi? Ofisi ya serikali?"

"Kwa mfano."

Hilo "kwa mfano" nililibeba hadi nyumbani kama yai.

Jioni ile jumuiya ndogo ya kanisa ilisali kwa mama Kunegunda, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye akinong'ona, Ruhuwiko wanasikia. Nilipowaeleza, alinyanyua mikono yake miwili akaikagua.

"Mimi ndiye ninayempaka mgongoni. Chupa ile ya zamani, tunakwangua hadi leo. Halafu Jumapili nashika watu mikono ya amani kanisani. Wao wanashikana na wengine." Akatuzungushia macho. "Jamani, parokia nzima imeshapakwa! Maji yetu sisi yanahifadhiwa wapi?"

Jumatatu asubuhi wanajumuiya waliingia ofisini kwa Fidelisi wamejitwisha ndoo.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina," ofisi ikaitikia kwa mazoea, kabla haijaona mzigo.

Wazee wetu waliwahi kwenda kuikabili serikali ya Mjerumani na maji ya dawa, tunajua ilivyokwisha. Haya yetu hayakuwa na dawa. Yalikuwa na sabuni ya mche.

"Mama, hii nini?" Fidelisi alisimama.

"Maji ya kuoga, mwanangu," akajibu Kunegunda. "Ya jana na ya leo. Hilo dumu ni la mzee Thadei. Miguu haimruhusu kuja, lakini matumbawe anayapenda sana."

"Kamwageni nje!"

"Nje kuna mtaro. Mtaro unakwenda wapi?"

Korido nzima ikajibu kwa sauti moja, kama watoto wa katekisimu: "Ruvuma!"

Walirudi Jumanne na mabeseni. Jumatano maji ya Jumatatu yalianza kujisemea yenyewe kwa harufu, na bosi wa Fidelisi, akikimbilia kikao, aliingiza kiatu kwenye beseni la Kunegunda.

"Pole baba," Kunegunda alimwambia. "Kiatu hicho nacho ukioshee mahali salama."

Bosi aliingia ndani, akafunga mlango, tukasikia anapiga simu. Mchana Fidelisi alitoka akatusomea tamko, macho yake yakiwa juu ya vichwa vyetu: kwa ajili ya utekelezaji wa sheria hii, Mto Ruvuma utahesabiwa kuwa unaishia mpakani mwa manispaa. Losheni zirudishwe. Ndoo ziondolewe.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nimesikia mengi nchini humu, ila mto kufupishwa kwa tamko, hilo lilikuwa la kwanza.

Sikio halikungoja tamko. Siku zile zote Leticia alipalilia na kitambaa kichwani, maana magugu hayashikiliwi hadi yapimwe, na daktari alipokiona kidonda alikata kipande cha ukingo. Alirudi na bandeji, akaniomba nisiende tena kugombana. Nilikwenda. Fidelisi alisema anasikitika, na kwamba masikio ni idara nyingine.

Wiki iliyofuata, magharibi, nilimkuta Leticia akitoka kuoga, kakumbatia beseni lililojaa, analipitisha kando ya mtaro, anazunguka nyumba kwenda kwenye mgomba wa nyuma.

"We mtoto, unateseka nini? Mto wameshaukata! Mwaga hapo."

"Mjomba, wameukata wao. Maji hayajaambiwa."

"Hao watu wamekula sikio lako!"

"Wale wa kwenye picha hawakulila." Akasimama kupumzisha mikono, maji yakimrukia kwenye khanga. "Na wao nani atawapelekea ndoo ofisini?"

Nilikuwa na jibu. Huwa ninalo. Lakini beseni lilikuwa zito na njia ya mgombani ina utelezi, nikashika upande wa pili.