Ndugu wa Pili Yuko Njiani

Kitendawili. Wewe unayesoma, usiniangalie tu, sema tega. Haya. Ndugu wawili walitoka nyumbani pamoja kuja kwangu. Wa kwanza alifika nikamwona, lakini hakusema neno. Wa pili alikuwa bado njiani, na ndiye aliyebisha hodi. Ni nini?

Kaa nacho. Hata Achieng nilimwacha nacho.

Achieng ni rafiki wa mjukuu wangu Dolphine, na huniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Walisoma pamoja hapa Migori, kisha Achieng akarudi kwao Magunga. Kila mmoja ana kidude cha kuchezea, kipana kama kipande cha sabuni, kina vitufe na mishale lakini herufi hakina. Ndani yake kuna Linux. Jina hilo nilivyolisikia kila siku, nilidhani ni kijana anayemsumbua mjukuu wangu. Nikamwambia amlete nyumbani nimwone. Dolphine alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndiyo programu inayoendesha kidude, na mwenye akili anaruhusiwa kuweka humo mchezo wake mwenyewe.

Nao walitaka kuweka mchezo wao. Mchezo wa watu wawili, mmoja Migori, mwingine Magunga, kupitia mtandao. Jumapili kulikuwa na maonyesho ya vijana Homa Bay, na Clifford, aliyekuwa akiyapanga, aliwaambia wazi: Ijumaa jioni nione mchezo ukifika pande zote mbili, la sivyo nafasi yenu nampa mwingine. Na sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, kidude kinafunikwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa mashindano ya boti. Alhamisi Dolphine aliujaribu kwenye meza yangu ya ndizi sokoni, simu imefunguliwa sauti.

"Nimefika ufuoni," Achieng akasema.

"Umefika wapi? Boti yako naiona hapa katikati ya ziwa."

"Basi hayo macho umeazima."

Mtandao wa Magunga ulikuwa unachelewa, kwa hivyo kila skrini ilimpa ushindi mwenyewe. Walibadilisha hiki na kile, boti zikabaki kubishana. Dolphine akakilaza kidude juu ya ndizi.

"Lete hiyo simu," nikasema. Nikamtegea Achieng kitendawili changu, angalau tupumzike.

"Ngoja, Dani, nafikiri ni..." Simu ikakatika. Alikuwa ametuambia mvua imeshika upande wa Ruma, jirani na kwao.

"Amepotea," Dolphine akasema. "Umeshinda, Nyanya."

"Nimeshinda nini? Hajajibu, na mji hajanipa."

"Mji gani?"

Watoto wa siku hizi. Nikamweleza tulivyofanya shuleni: ukishindwa, unampa mtegaji mji, na yeye akiukataa unatafuta mwingine. Akiukubali ndipo anauzuru na kurudi na jibu; kabla ya hapo kitendawili bado kiko wazi.

"Hata akikaa mpaka kesho?"

"Kwani kitaoza?"

Akakiokota kidude. "Boti haiwezi kungoja," akasema, polepole. "Swali linaweza."

Boti zote akazitupa. Akachora ramani ya miji yetu, Migori mpaka Homa Bay. Swali likitumwa, linakaa kwenye mtandao hadi mwenzako apatikane. Jibu unaliandika kwa mishale, herufi moja moja, na hakuna wa kukuharakisha. Mimi nilikuwa kando nikisumbua. "Weka na kitufe cha kukataa. Mji wa kwanza haukubaliwi hivi hivi."

Ijumaa mchana Achieng alishindwa swali, kidude kikamwandikia: NIPE MJI. Akapiga simu, amekasirika. "Mnataka nitoe Magunga? Mama yangu amepanda mtama hapa."

"Si lazima utoe kwenu," Dolphine akamwambia. "Toa kwa watu."

Akatoa Masara. Kidole cha Dolphine kikakimbilia Kubali, eti kuna dhahabu. Nikakishika. "Mimi ningekataa. Utarudi na vumbi la wachimbaji tu." Akabonyeza Kataa, na huko Magunga tukasikia mtu akilalamika kwa Kijaluo.

Clifford alifika jioni, akakaa kwenye kreti. Nikamwambia Dolphine atume kile kitendawili changu cha Alhamisi. Kikaenda. Tukangoja. Simu ya Achieng haipatikani.

Clifford akaangalia jua, akaangalia kidude. "Mama, huu mchezo umekufa."

"Boti ndiyo ingekufa," Dolphine akasema. "Huu unangoja. Kaa, Clifford."

"Na jua likizama?"

"Likizama nitakifunika, na wewe utampa mwingine nafasi. Bado halijazama."

Clifford hakuondoka. Nikampa ndizi, akala. Akala nyingine. Jua likagusa mabati ya soko, na mkono wa Dolphine ulikuwa umeshafika kwenye kitambaa cha kufunikia, ndipo kidude kikalia. Herufi zikaanza kutokea, nasi watatu tukaziinamia.

UMEME NA NGURUMO. DANI, MJI SIKUPI.