Kipuli cha Mvua

Mradi ulipoleta vipuli vya mvua pale ufukweni Kibirizi, wanawake waanikaji dagaa walivigombea kama mtumba wa kwanza kufunguliwa. Kitu chenyewe kidogo tu, unakivaa sikioni kama hereni, nacho kinaongea na mitambo huko angani. Mvua ikiwa njiani kinakunong'oneza dakika kumi kabla, kwa sauti ya binti aliyesoma. Bi Ashura wa Ujiji peke yake alikataa. "Mimi mvua naambiwa na watu," alisema.

Hakukosea. Desturi ya pale tangu zamani ni moja: atakayeliona wingu kwanza hupiga yowe, na wote huanua dagaa wa wote, bila kuuliza kichanja cha nani. Siku alipozikwa mume wa Verediana, mwanikaji mwenzao, dagaa wa mjane huyo waliokolewa na Bi Ashura huyo huyo, mvua ikimtwanga.

Jumanne moja, jua likiwaka, Bi Ashura alijilaza kidogo kibandani. Kipuli kikamnong'oneza Verediana: "Mvua, dakika kumi. Anua dagaa wako."

Wako. Basi Verediana akaanua wake. Kushoto na kulia wenzake nao walianua kimya kimya, kama wezi wa mchana. Kusema alimsahau Bi Ashura ni uongo. Alimkumbuka mapema kabisa, akajiambia yupo aliye karibu naye zaidi, atamwita. Kumbe kila mmoja alijiambia hivyo hivyo. Mvua ilipokatika, dagaa wa Bi Ashura walikuwa uji, na kipuli kikasema: "Hongera. Hujapoteza chochote."

"Vere mwanangu," Bi Ashura aliuliza, akiwa amesimama mbele ya kichanja chake, "mlipiga yowe?"

"Tulipiga, Bi Ashura. Mimi mwenyewe nilipiga."

"Basi masikio yangu yamekwisha," alisema mama wa watu, akaomba radhi kwa kutosikia.

Tangu hapo uongo ule ulimtafuna Verediana. Jumapili kanisani alishindwa kwenda kukomunika, akabaki kwenye benchi akijiona mchafu. Na Bi Ashura alizidi kumchoma, maana kila mtu aliyemsalimu, yeye alimwomba apaze sauti, akisema uziwi umeingia. Jumatatu Bi Ashura akaenda hospitali kupimwa masikio. Kesho yake akahamisha vichanja vyake, akaviweka ubavuni pa Verediana.

"Nimesogea," alisema, "ili ukipiga yowe nisikie."

Verediana alitamani ardhi ipasuke immeze. Kabla ya adhuhuri kipuli kikanong'ona tena: mvua, dakika kumi, anua dagaa wako. Wenzake wakaanza kuinuka taratibu. Yeye akakichomoa sikioni, akavuta pumzi.

"Anueni jamani, mvua!"

Watu walishtuka, maana yowe hilo lilikuwa halijasikika ufukweni kwa miezi mitatu. Bi Ashura ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia, akaanzia kichanja cha Verediana.

Walipomaliza walijibanza kibandani, mvua ikipiga bati.

"Nimekusikia," alisema Bi Ashura, akikamua kanga yake. "Daktari naye aliniambia masikio yangu ni mazima. Nikambishia sana. Nikamwambia haiwezekani, Verediana hasemi uongo."

Kisha akamsogezea ncha ya ile kanga, ajifute uso.