Sisimizi kwenye Hoya ya Noreen

Kwa miaka ishirini na tano Merv Rackemann alipokea simu za binti yake kwa maneno yaleyale: "Haya, mama yako huyu hapa." Kisha humkabidhi mkewe Noreen simu na kurudi kwenye kiti chake. Usidhani hakumpenda mtoto. Alimpenda, tena sana, ila wanaume wa mji wa Bundaberg wa rika lake waliwaachia wake zao kazi ya kulisema hilo. Noreen alipozikwa mwezi wa nane, simu ya Jumapili iliendelea kulia, na sasa hakukuwa na wa kukabidhiwa.

Kerrin alikuwa anaishi Hobart, kule kusini kabisa mwa nchi. Jumapili ya kwanza baba na binti waliongea kuhusu mvua, wakaimaliza kwa dakika moja. Jumapili ya pili Kerrin akaikumbuka hoya ya mama yake, ule mmea wa kutambaa wenye majani manene uliojaza dirisha lote la baraza ya ndani.

"Inaendeleaje, Baba?"

"Ipo."

"Itachanua Desemba?"

"Mama yako alisema haijawahi kukosa."

"Basi nitakuja Krismasi niinuse."

Hapo ndipo wakapata cha kuongea. Majani, maji, jua la asubuhi. Si haba.

Kwa mengine yote Merv alikuwa amekufa ganzi, kama fizi baada ya kung'olewa jino. Hakulia kanisani, hakulia siku nguo za mkewe zilipochukuliwa. Alikula mchuzi walioleta majirani, akaosha mabakuli, akasoma majina yaliyobandikwa chini yake na kumrudishia kila mtu lake. Watu wakasema Merv ni jasiri. Jasiri wa wapi? Hakuwa na la kuvumilia.

Mwezi wa kumi sisimizi wakaingia. Walipita kwenye vioo vya dirisha, wakashuka kwa mstari hadi kwenye kopo la hoya, wakapanda shina. Merv akawapulizia dawa. Kesho yake wakaja kwa njia nyingine. Alipomsimulia Kerrin, simu ikaenda dakika kumi na moja, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Weka sukari upande mmoja wa kifuniko, siagi ya karanga upande wa pili," Kerrin akasema. "Uone wanapenda nini."

"Mimi ndio niwapikie?"

"Wapikie, Baba. Halafu uwaue."

Walipenda sukari. Merv akaikoroga na maji na unga kidogo wa boraksi, sumu yao, akawawekea, wakabeba wenyewe hadi kwenye kiota chao. Siku ya nne hakukuwa na hata mmoja.

Alhamisi shemeji yake Glenys, dada wa marehemu, akapita na keki. Mama huyu mdomo wake haukujua likizo. Akageuza jani moja, akaguna.

"Shemeji, umewafukuza wachungaji, ng'ombe umewaacha."

Chini ya majani kulikuwa na vijidudu vyeupe kama pamba. Ndivyo vilivyotoa utomvu mtamu, na sisimizi walikuwa wakivifuga kwa ajili ya huo. Glenys akamwambia achovye kijiti cha pamba kwenye spiriti, afute jani moja baada ya jingine. "Na usifanye haraka. Hapa si karakana."

Kesho yake Merv akafuta tangu chai ya asubuhi hadi saa nane mchana. Alikuwa amechomelea vyuma vya reli kwa miaka arobaini, na kazi ya ovyo ilimkera. Katikati ya majani akaona vikonyo vifupi, vikavu, vimekunjamana, kila kimoja kina vidudu kwenye mikunjo. Visiki vya maua ya zamani. Akachukua mkasi akavikata vyote, thelathini na kitu, akavitupa.

Jumamosi asubuhi Glenys akarudi kukagua. Akapekua katikati ya majani.

"Vikonyo viko wapi?"

"Nimeviondoa. Vilishakufa."

"Nani kakwambia vimekufa?" Glenys akaketi. "Hoya huchanua palepale, Merv. Kila mwaka kikonyo kilekile. Noreen alikuwa ananifokea nikivisogelea tu."

"Vitaota tena?"

"Vingine. Labda baada ya miaka miwili, mitatu."

Merv akangoja aumie. Hakuumia. Kisha akawaza kwamba kesho ni Jumapili, simu italia, naye hatakuwa na la kusema. Kerrin hatakuwa na sababu ya kuja. Woga ukamshika, woga wa kweli. Glenys alipoondoka hakungoja kesho. Akaitafuta namba ya Kerrin, ambayo hakuwahi kuipiga maishani mwake.

"Baba? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekata vikonyo vya hoya." Akaeleza yote, vijidudu vyeupe, mkasi, Glenys, miaka mitatu.

"Kwa hiyo Desemba hakuna maua."

"Hakuna."

"Na sisimizi?"

"Wameisha."

"Wale weupe?"

"Nimewafuta wote."

"Umefanya vizuri," Kerrin akasema polepole, na hapo habari za mmea zikawa zimekwisha.

"Kerrin."

"Naam, Baba."

"Sina kitu kingine cha kukuitia. Ila njoo."

Alimsikia binti yake akilia, na kwa kuwa hakujua mtu husema nini wakati kama huo, akavuta kiti akakaa, akaendelea kumsikiliza.