Alama ya Kuuliza

Karani wa kanisa alikuwa na mazoea yake. Jambo lolote asilokuwa na hakika nalo aliliwekea alama ya kuuliza ili mchungaji alithibitishe, kisha akaifuta kabla ya kuchapa. Mwaka huu, kwenye ratiba ya ibada ya Pasaka, aliandika: "Kristo amefufuka?" Na chini yake: "Kweli amefufuka?" Hakuwa na shaka na ufufuo, jamani. Alitaka tu kujua kama itikio ni lilelile la mwaka jana. Mchungaji alijibu kwa simu kuwa ni lilelile, naye akachapa nakala mia tatu, alama zikiwa palepale.

Tusimlaumu sana. Miaka kumi na miwili ofisini ilikuwa imemzoesha mambo ya mbinguni kama mpishi anavyozoea harufu ya vitunguu. Pasaka kwake ilikuwa rimu ya karatasi na wino wa mashine. Zamani wimbo wa kwanza ukianza tu, alikuwa akilia. Siku hizi alikuwa akihesabu viti. Jambo hilo lilimuuma, ila hakuwa na wa kumwambia, kwa kuwa msikilizaji wa shida za kiroho alikuwa bosi wake.

Na bosi alikuwa ameshamwonya. Mwezi uliopita tangazo lilisema kwamba baada ya ibada akina mama watapikwa ukumbini. "Kosa jingine moja tu," mchungaji alimwambia, "utafute kazi nyingine."

Basi asubuhi ya Pasaka mchungaji alivaa miwani, akasoma kilichoandikwa, maana ni mtu wa kufuata karatasi: "Kristo amefufuka?"

Waumini nao, watiifu kupita kiasi, wakapandisha sauti mwishoni: "Kweli amefufuka?"

Karani, kule nyuma, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hapo mamake, aliyeketi benchi la mbele na asiyeona maandishi madogo, akainuka kwa fimbo yake. Kwake yeye swali ni swali, na kutojibu ni utovu wa adabu.

"Ndiyo, baba! Amefufuka! Kwani hamjapata habari?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akapiga makofi, na kanisa zima likafuata kwa vigelegele. Karani alishangaa kujikuta machozi yanamtoka. Sentensi aliyoichapa kila mwaka, leo ndiyo kwanza aliisikia.

Mlangoni watu walimpongeza mchungaji kwa ubunifu. "Tulilipanga kwa maombi," alisema, bila kumtazama karani. Kazi ilisalimika.

Njiani karani alimshika mamake mkono. "Mama, mbona ulijibu?"

"Si mliuliza?"

"Na una hakika?"

Mama alisimama, akamkazia macho. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye karani wa kanisa."

"Ndiyo, mama. Nakuuliza."

Mama aliegemea fimbo yake, akaanza kumsimulia tangu wale wanawake walipodamka kwenda kaburini, kwa haraka na kwa kujikatiza maneno, kama mtu anayeogopa mwingine asije akamtangulia kuipeleka habari.