Maharagwe ya Mzunguko Mmoja

Mama yangu hakuwahi kupika kwa saa, ijapokuwa aliolewa na fundi saa. Chakula chake alikipima kwa miguu. Viazi vilikuwa chakula cha kwenda posta na kurudi. Wali ulikuwa kushuka ngazi, kumjulia hali jirani wa chini na kupanda tena, mradi jirani huyo asiwe na maneno mengi siku hiyo. Na maharagwe, yaliyolowekwa tangu jana yake, yalikuwa mzunguko mmoja: unateleka, unafunika, unapunguza moto, unakwenda kuuzunguka mji, ukirudi yameiva.

Mzunguko ulikuwa wa Jumapili. Siku sita za wiki Mama alikuwa mfagizi wa maofisi, na siku ya saba alitutembeza mjini, mimi na kaka yangu, kama watalii. Watu wengine wakitembezwa huonyeshwa sanamu na minara. Sisi tulionyeshwa madirisha. “Yale ya ghorofa ya pili, kuanzia kwenye bomba mpaka kwenye kona, ni yangu,” alisema mbele ya jumba la makumbusho, na sisi tukatazama juu, midomo wazi. Benki ilikuwa na madirisha yake kumi na mawili. Kituo cha reli kilikuwa na manane, na hayo manane yalimtesa kwa vumbi.

Baba hakuja. Alisema miguu yake iliumbwa kwa ajili ya kukalia. Alibaki nyumbani na gazeti, na tukirudi tulimkuta pale pale, miwani puani, kana kwamba hajainuka. Maharagwe yako tayari, mchuzi mzito, hakuna hata punje iliyoshika chini. Birika nalo lilikuwa na maji ya moto, na Mama aliyachanganya na ya baridi kwenye beseni akatuosha miguu. Niliamini Baba aliyachemsha kwa ajili ya miguu yetu, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa chai.

Na tulichelewa mara ngapi! Kaka hakutoka kwenye daraja la reli mpaka treni ipite chini yake, na treni za Jumapili zilikuwa na uvivu wake. Mama akikutana na mfagizi mwenzake, ndiyo basi tena, tunasimama mpaka nyayo zinawaka. Lakini maharagwe hayakuungua hata siku moja. Mama alijivunia jambo hilo kuliko madirisha yote ya mji. “Miguu yangu inajua,” alisema, na mimi nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Nazikumbuka siku hizo kuliko ninavyopaswa. Nashona sare za shule, nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni, na mtu anayekaa hivyo ana nafasi kubwa ya kukumbuka. Ana nafasi kubwa ya kunenepa pia. Mama ananiita Bonge, tena mbele za watu.

Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Mama akabaki peke yake ghorofa ya tatu, katika vyumba vile vile viwili, na alibaki vizuri tu mpaka mwaka huu alipoteleza kwenye ngazi. Hakuvunjika kitu. Kilichovunjika ni ule ujasiri wake. Miezi mitatu hakuteremka hata ngazi moja. Mtaalamu wa viungo alimletea ukanda wa mpira wa kunyooshea misuli. Mama akautumia kufungia mlango wa kabati uliokuwa hautulii.

Hapo ndipo kaka yangu alipokuja na habari ya chumba. Kaka yangu anaitwa Dakika. Jina hilo alipewa na Baba, kwa sababu alizaliwa kabla mkunga hajavua kofia yake. Kila alfajiri anakwenda jimu, na mkononi amevaa saa inayomhesabia hatua, mapigo ya moyo na, nadhani, dhambi. Ana moyo mzuri. Lakini anaishi nje ya mji, mahali ambapo mtu huhitaji gari hata kununua chumvi.

“Mama, nimeshakipaka rangi,” alisema. “Kiko chini kabisa. Hakuna ngazi hata moja. Bafu lina kishikio.”

“Na dirishani naona nini?”

“Ukuta wa jirani. Lakini ni ukuta msafi.”

Mama alimtazama hivi, akanigeukia mimi. Mimi nikajifanya natafuta uzi. Kusema kweli niliogopa pande zote mbili. Niliogopa kumkuta siku moja chini ya ngazi, na niliogopa kumwona amekaa anautazama ukuta msafi.

“Sikiliza, Dakika,” Mama alisema. “Jumapili nateleka maharagwe. Maji napima mwenyewe, ya mzunguko mmoja, kama zamani. Wewe utakaa hapa jikoni ulinde sufuria. Hakuna kufunua, hakuna kugusa moto. Mimi nazunguka mji. Nikirudi nikakuta yameungua, nifungie mizigo, nakuja kwako bila neno. Nikiyakuta salama, habari ya chumba isizungumzwe tena humu ndani.”

“Mama, hiyo ni saa moja na nusu! Kwa miguu gani?”

“Hii hapa.”

“Bonge, sema kitu,” kaka aliniambia.

“Mimi nitakwenda naye,” nikasema, na hilo ndilo lote nililoweza.

Jumapili Mama alivaa viatu vyake vya kazi, vile vya soli nene. Aliteleka katika sufuria yake nzito, ile yenye sikio moja, akatia kitunguu kizima na maji, akafunika, akapunguza moto ukabaki kama kucha ya bluu. Kaka alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha Baba, mikono kifuani, mithili ya hakimu. Nilimchukia kidogo.

Ngazi peke yake zilitumalizia dakika kumi na mbili. Mama alishika chuma kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine, akashuka kila ngazi kwa miguu miwili, kama mtoto. Kule chini alisimama mlangoni, jua likampiga usoni, akavuta pumzi. “Mbona mtaa umekuwa mwembamba?” akauliza. Haukuwa umebadilika, ila magari yalikuwa yameegeshwa pande zote.

Tukaanza. Alijikaza kisabuni. Duka la viatu limekuwa duka la simu. Benki imevishwa vioo vya bluu kutoka juu mpaka chini, na Mama alitafuta madirisha yake kumi na mawili kwa macho, asiyaone. Alinipa mkoba wake nimshikie, na mambo kama hayo kwake ni makubwa.

Kufika kituo cha reli, saa ya ukutani ikanionyesha kwamba dakika hamsini zimekwisha. Zamani hapo tulifika kwa ishirini. Na aliyekuwa anahema sana hakuwa yeye.

“Bonge, wewe ndiye uliyeanguka au mimi?”

“Mama, nakaa kazini kutwa.”

“Basi simama ushone. Unapumua kama birika.”

Kwenye daraja la reli alipumzika kila baada ya hatua kumi. Nilitoa simu mfukoni. Nilitaka kumwambia kaka azime gesi, basi, yaishe, liwalo na liwe. Mama aliuona mkono wangu.

“Ukimpigia nahama leo hii hii,” alisema. “Sijacheza hivyo hata siku moja.”

Nikairudisha simu. Treni ikapita chini yetu, daraja likatikisika kidogo, na sote wawili tukashika chuma na kuitazama mpaka behewa la mwisho. Nilimtaka Dakika awe hapo, yule wa zamani, mwenye magoti yenye vumbi na kidevu juu ya chuma.

Makumbusho hayajabadilishwa. Tulifika pale baada ya saa moja na dakika arobaini, wakati ambao maharagwe yalipaswa kuwa yameshaepuliwa na sisi tumeshaoshwa miguu. Mama aliketi kwenye benchi la bustanini, akainua uso. Madirisha ya ghorofa ya pili yalikuwa machafu ajabu, na michirizi ya mvua ilikuwa imekauka juu yake. Akasonya.

“Wanapitisha tambara mara moja halafu wanakwenda kunywa chai,” alisema. Kisha, bila kunitazama: “Nilikuwa nikiyapangusa hayo nikawa naona mpaka paa la nyumba yetu. Nikijua baba yenu yuko chini ya paa lile, anaumiza macho kwa saa za watu. Kule kwa Dakika nitaona nini, mwanangu?”

Nililia waziwazi, mbele ya watu wanaopiga picha. Yeye hakulia. Alinipa leso, akasema machozi hayapunguzi unene, akaegemea bega langu akainuka. Nilimwomba tuchukue teksi. Alikataa hata kabla sijamaliza neno.

Tulifika nyumbani baada ya saa mbili na nusu. Saa nzima zaidi. Pale mlangoni Mama alisimama, akanusa. Mimi pia nilinusa. Kila mtu anajua harufu ya maharagwe yaliyoungua. Inashuka ngazi, inaingia kwenye mapazia, inakaa wiki. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukunja nguo zake kichwani mwangu, gauni kwa gauni.

Ngazi ya kwanza, hakuna. Ghorofa ya kwanza, hakuna. Ghorofa ya pili nilisikia harufu ya kitunguu kilicholainika, tamu, ile ile ya kurudi kwetu Jumapili. Mama aliongeza mwendo. Nasema kweli, aliongeza.

Kaka alikuwa kwenye kiti cha Baba, taulo la jikoni begani, uso mkavu. “Hayajaungua,” alisema. “Nadhani hili jiko lenu lina moto mdogo sana.”

Mama alifunua sufuria. Mchuzi ulikuwa umejaa, unachemka polepole. Akachukua kijiko, akachota, akapuliza, akatafuna huku amefumba macho. Akatafuna tena. Kaka aliitazama saa yake ya kuhesabu hatua, nayo bila shaka ilimhesabia mapigo mengi ya moyo.

“Yametiwa maji,” Mama alisema.

Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, alionekana kama aliyekamatwa na mkono kwenye kopo la sukari.

“Mara tatu,” akasema hatimaye. “Samahani, Mama. Nilijiambia sitagusa. Halafu mchuzi ukaanza kulia chini, na nyinyi hamjaja.” Alilivua lile taulo begani. “Ile Jumapili niliyokuwa na surua, mkaniacha nyumbani, mnakumbuka? Nilimwona Baba. Alikuwa anatazama saa, anafunua, anatia maji kidogo, anafunika. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Sijamwambia mtu mpaka leo.”

Mimi nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeiamini ile miguu.

“Na mimi sikumwambia,” Mama alisema. “Nilirudi kila Jumapili nikakuta birika la moto katika nyumba ya mtu asiyekunywa chai. Ningekosaje kujua? Lakini alikuwa anafurahi kunisikia nikijisifu. Basi nikajisifu.”

Alichota kijiko kingine, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Maharagwe mengine yalikuwa yamepasuka maganda, mengine yamekaza.

“Ila wewe umetia maji ya baridi,” akamwambia kaka. “Ona yalivyogutuka. Baba yenu alikuwa akiyachemsha kwanza.”

Kaka alisimama. Alikwenda kwenye sinki, akalijaza birika, akaliweka motoni, akabaki amelitazama huku ametupa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanacheza kidogo. Mama aliketi kwenye kiti cha Baba, akavua kiatu kimoja, akahangaika na cha pili mpaka nikapiga magoti kumsaidia. Nyayo zilikuwa zimevimba. Nikavuta beseni.

“Jumapili ijayo,” kaka alisema bila kugeuka, “nitachemsha kwanza.”

“Basi njoo mapema,” Mama akasema. “Sisi tunachelewa.”