Mtu wa Taa Mchana Kweupe

Mlinzi wa geti alitia mkono kwenye mfuko wa Mzee Ildephonse akatoa taa. Si tochi. Karabai, ile ya kupampu, imesuguliwa mpaka ungeweza kujinyolea ndevu ubavuni mwake.

"Madala," alisema, kama wanavyowaita wazee hapa, "hii ya nini?"

"Ya kuvulia samaki."

"Saa hizi jua linachomoza."

"Tutangoja usiku."

Mlinzi hakumcheka. Alinyoosha kidole kwenye bango lililopigwa misumari juu ya geti: jua likitua, watu wote nje. Bwawa walilolijia lilikuwa katikati ya bustani ya mji, na bustani za Johannesburg hazilali na mtu ndani.

"Nilijua," alisema Octave nyuma yake, mikono mifukoni, pumzi inamtoka kama moshi. "Nilijua toka wiki jana, nikasema wacha muzee ajionee mwenyewe."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Ningekuambia ungepata sababu ya kukaa nyumbani."

Mzee Ildephonse akaichukua taa yake, akairudisha mfukoni. Hasira zilimpanda mpaka masikioni, na masikio yenyewe yalikuwa yamekufa ganzi kwa ile baridi ya Julai.

Ubishi huu ulikuwa na mwanzo. Octave, mtu wa Uvira, ana kibanda cha kinyozi Jules Street, pale Malvern. Mzee Ildephonse ni Mrundi wa Rumonge, mtu wa kutangatanga: Kigoma kalala, Mpulungu kalala, Lusaka na Harare kapita, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa Johannesburg. Hana mke wala duka. Ana kiti kimoja cha plastiki kwa Octave, karibu na hita, na hapo hukaa kila asubuhi akisimulia ziwa. Watu huja kunyolewa, wakimaliza hawaondoki. Wanataka kusikia usiku usio na mwezi, mitumbwi inavyojipanga, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanavyochemka ndani ya mwanga.

Kiti kile kilikuwa mali yake yote. Mtu akikaa pale ana jina. Akitoka nje ni kizee tu anayevuka robot, zile taa za barabarani, polepole na kupigiwa honi.

Sasa siku moja kijana Glody, askari wa duka la magodoro, akiwa na shuka shingoni, akauliza: "Muzee, hadithi zote hizi, mbona hatujawahi kuona hata samaki moja? Mabwawa hapa si yapo?"

Watu wakacheka. Octave naye akatia chumvi. "Huyu hakuvua. Huyu alikuwa anapampu taa. Wenye kuvuta wavu ndio walivua."

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa nusu kweli. Alikuwa mtu wa taa. Ndoana hakuwahi kuishika. Akajibu kwa ukali kwamba bila mtu wa taa wavu ni kitambaa tu, na Octave akamkatia shauri mbele ya wote: Jumatatu, siku isiyo na wateja, twende wote bwawani. Ukimtoa samaki mmoja nchi kavu, kiti ni chako na maneno ni yako mpaka ufe. Usipomtoa, kiti utakaa, lakini hadithi za ziwa basi.

Mzee akasema ndiyo. Kila mtu alisikia.

Ndiyo hiyo Jumatatu sasa, na taa haina kazi.

Wakafika ukingoni. Maji yalikuwa yametulia mno, yana rangi ya kijivu, na mzee hakuupenda ule utulivu. Akaifunga ndoana kwenye mshipi wa fimbo yake ya kuvulia, akachomeka kipande cha ini la kuku, akarusha. Ini likaruka vizuri, likatua, likateleza kidogo, likasimama. Halikuzama.

Akavuta. Likateleza kurudi. Akarusha tena. Likakaa juu ya maji kama nyama kwenye sahani.

"Ni nini hiki?"

"Barafu, muzee." Octave alikuwa keshakunjua kiti chake na kumimina chai. "Maji yamelala yamejifunika."

Mzee Ildephonse aliinama akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, kama mlango. Katika maisha yake yote alikuwa amezoea maji ya kumwagika na maji ya kunyesha, lakini si maji ya kubishiwa hodi. Alipoinua kichwa, hadeda alikuwa ametua pale, ndege yule wa mdomo mrefu kama koleo. Akatembea juu ya barafu bila haraka, akalichomoa ini kwenye ndoana kwa ufundi, akapiga kelele zake za kumtukana mtu, akaruka.

Chai ilimtoka Octave puani.

Jua likapanda. Barafu ya upande wa wazi ikaanza kulia na kupasuka, ikayeyuka, na mzee akahamia huko. Akarusha kushoto, akarusha kulia. Akarusha katikati palipometameta. Mshipi ukanasa kwenye matete, akaukata. Ukanasa tena, safari hii kwenye koti lake mwenyewe mgongoni, na Octave akalazimika kuja kumnasua kama mtoto. Wenyeji wawili waliokuwa wakivua ng'ambo, na fimbo zao za gharama zimesimamishwa juu ya vyuma, nao walikuwa hawajapata kitu. Mmoja akapita kwenda chooni akasema, "Baridi hii, madala, samaki hawali. Rudi Septemba."

Septemba! Nani angemsubiri mpaka Septemba?

Simu ya Octave ikalia. Alikuwa Glody, sauti imewekwa juu ili mzee naye asikie.

"Vipi, amevua?"

"Amevua viatu. Vimelowa."

"Mwambie aimbie hao samaki!"

"Nitakuimbia wewe kaburini kwako!" mzee akapiga kelele kuelekea kwenye simu. Wale wa ng'ambo wakageuka.

Adhuhuri ikapita. Octave alikula magwinya, yale maandazi ya hapa, na soseji, akampa mzee mawili, na mzee akayala kwa uchungu, maana yalikuwa matamu. Amebaki na ndoana moja. Mwanga wa baridi wa Johannesburg ni mkali, hauna wingu wala huruma. Ulikuwa ukimrudi machoni kutoka kwenye maji, na macho yake, yaliyozoea kutazama maji usiku, yakawa yanamtoka machozi.

"Unalia, muzee?"

"Jua hili. Ni kama mtu ameniwekea taa usoni."

Akajisikia akilisema hilo. Akaweka fimbo chini.

Kule ziwani, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akikaa na taa. Wenzake macho kwenye wavu, yeye macho kwenye mwanga. Na alichokiona miaka yote, ambacho kinyozini hakuwahi kukisimulia kwa sababu hakikuwa na kishindo, ni kwamba ndagala tu ndio huingia kwenye mwanga. Wakubwa hawaingii. Wakubwa husimama pale mwanga unapokufa, kimya, macho yanawaka kama makaa, wakingoja mdogo mjinga atoke nje ya duara. Na hapa leo taa ilikuwa imewashwa toka asubuhi, imefunika bwawa zima, na yeye alikuwa anarusha ini katikati ya duara kama mtu asiyejua kazi.

Mwanga unakufa wapi hapa?

Akageuka. Upande wa barabara kulikuwa na kidaraja kizito cha zege, maji ya mvua yanapoingilia. Jua halikuwa limegusa pale siku nzima. Barafu ilikuwa bado nzima, kijivu, na chini yake giza.

"Unaenda wapi? Kule bado kumeganda!"

"Ndiyo maana."

Akalala kifudifudi kwenye ukingo wa zege, akavua tena kiatu, akagonga barafu kwa kisigino mpaka ikafunguka tundu la ukubwa wa sahani. Fimbo hakuitumia. Aliuzungusha mshipi mkononi na kulishusha ini moja kwa moja, taratibu, pale kivuli na mwanga vilipoachana. Octave akaja akasimama nyuma yake, ana neno la mzaha mdomoni.

Mshipi ulianza kutembea.

"Muzee. Muzee, vuta!"

"Nimeona!"

"Vuta sasa!"

Akavuta. Kitu kikavuta upande wa pili, kizito, bila pupa, kama mtu anayekataa kuamka. Mzee alivuta mkono kwa mkono, mshipi ukimkata vidole, mpaka kwenye tundu kikatokea kichwa: kipana, bapa, sharubu kila upande, vijicho vidogo vyenye dharau. Kambare. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko tundu.

"Hapiti! Panua! Panua tundu!"

Octave alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi, vile vya kanisani, vyenye ncha. Hakufikiri. Akaruka na vyote, barafu ikapasuka chini yake, akazama mpaka magotini, akapiga yowe lililowatoa hadeda wote mitini. Kipande cha barafu kikainuka ubavu, kikali kama kioo, kikagusa mshipi.

Pt.

Kambare alikaa pale kidogo tu, kana kwamba anawahesabu, kisha akageuka akaenda zake.

Mzee Ildephonse alibaki na uzi mkononi. Getini filimbi ikalia. Watu wote nje.

"Umemwona," alisema.

"Nimemwona." Meno ya Octave yalikuwa yakigongana. "Lakini tulisema nchi kavu, muzee."

"Tulisema."

Wakarudi Malvern, viatu vya Octave vikitoa maji kila hatua.

Kesho yake mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na hita, midomo imefungwa. Viatu vya Octave vilikuwa hapo chini vimejazwa magazeti, vinakauka vikijikunja. Glody alikuwa chini ya mashine.

"Haya, habari ya samaki?"

Mzee akatazama ukuta. Octave akasafisha koo.

"Bwana Glody, samaki alikuwepo. Kichwa hivi!" Akaacha mashine inanguruma hewani akanyoosha mikono. "Mimi ndiye niliyempigia mbizi."

Watu wakasogea. Kichwa hakikuwa hivyo, na mbizi haikuwepo. Mzee akavumilia. Vidole vyake vilivyokatwa vikashika magoti.

"Nikamwambia muzee, tupa pale katikati, kwenye jua. Samaki hupenda mwanga, si unajua—"

"Uongo!"

Mzee alikuwa amesimama bila kujijua.

"Muzee," alisema Octave, "tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nisisimulie mimi. Hatukukubaliana wewe usimulie ujinga!"

Kicheko kikapasuka mpaka wapita njia wakachungulia. Octave peke yake hakucheka. Alitazama viatu vyake, akamtazama mzee, akaizima mashine.

"Basi alikuwa wapi? Sema wewe."

Mzee Ildephonse alivuta kiti mbele, mbali na hita.

Glody akashika upande wa kichwa uliobaki na nywele. "Na mimi je?"

"Wewe ngoja," walisema wote wawili.